Ntumba ya Kupeleka Angani

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopangiwa kufundisha biolojia Sumbawanga. Nilitoka Mbeya na sanduku la bati, godoro na barua ya ajira, nikashuka kwenye lori nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Miezi ya kwanza nililalamikia baridi ya Ufipa na upepo wake usiokoma, halafu nikazoea. Nilipanga chumba mtaa wa Kizwite. Kifipa nilijifunza kwa kusikiliza, nikafika mahali naelewa karibu kila kitu watu wanachozungumza mbele yangu, ila kukisema kulinishinda, na mpaka leo kunanishinda.

Haya ninayoandika yalitokea mwaka wangu wa tatu pale shuleni. Mke wangu anajua nusu yake, ile nusu ambayo mimi ni mtu mwema.

Ofisi ya walimu ilikuwa na redio kubwa ya mbao, na wakati wa chakula cha mchana tulikuwa tunasikiliza taarifa ya habari. Siku moja ilitangazwa kwamba kuna watu wamekaa wiki kadhaa kwenye chombo kinachoizunguka dunia, wanalala humo na kufanya kazi humo. Kesho yake nikawasimulia kidato cha tatu. Nilitaka tu kuwachangamsha kabla ya somo la usanisinuru, maana ilikuwa saa nane na wote walijua kengele ikilia wanakwenda shambani na majembe. Elimu ya Kujitegemea haikuwa maneno ya ubaoni kwetu, tulilima kweli.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa mkimya, anaandika herufi ndogo mno ili daftari lisimwishie haraka. Kwao ni kijiji kimoja kando ya barabara ya Laela.

"Mwalimu, wanakula nini huko?"

"Wamebeba vyakula vya makopo."

"Vikiisha?"

"Wanarudi."

Akafikiri. "Na anayetaka kukaa miaka? Si itabidi alime?"

Mwenzake mmoja akasema, "Jamani, hata mwezini tutapelekewa majembe!" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama, anasubiri jibu.

Ndipo nikasema kitu ambacho nilijivunia kwa miezi mitano iliyofuata: kwamba tutalitafuta jibu pamoja, tutabuni namna ya kuotesha mimea angani, na tutaipeleka kwenye maonyesho ya Saba Saba ya mkoa. Wanafunzi watano walijiandikisha. Baada ya wiki mbili ilikuwa wazi kwamba kiongozi ni yule msichana, ingawa hakuna aliyemchagua.

Tulikutana maabara kila Jumamosi asubuhi. Nilichora ubaoni sanduku la kioo lenye mimea inayoelea, nikaanza kueleza. Akanikatiza kwa adabu.

"Samahani mwalimu. Ukimwagilia, maji yataenda wapi kama hakuna chini?"

Ilikuwa kweli. Pale ambapo kitu hakina uzito, maji hayashuki kwenye mizizi. Yanabaki matone yanayozurura hewani. Na udongo nao utapeperuka, uwaingie watu machoni. Mchoro wangu niliufuta mwenyewe. Yeye ndiye aliyesema tushone mfuko wa kitambaa cha marekani, udongo ukae humo, mmea utokee kwenye tundu, na maji yaletwe na utambi wa taa, kwa sababu utambi unapandisha mafuta ya taa bila kusukumwa na mtu. Tulijaribu na kipande cha utambi uliochoka. Maji yakapanda.

Halafu tukataka kuudanganya mmea. Hatukuwa na njia ya kuondoa uzito wa vitu duniani, lakini mmea unaozungushwa polepole bila kusimama haujui juu ni wapi wala chini ni wapi. Tukachukua gurudumu la baiskeli mbovu ya mlinzi wa shule, tukalisimamisha kwenye fremu ya mbao, tukafunga vikopo pembeni mwake. Juu tukaweka debe lenye tundu la msumari. Matone yakawa yanajaza kopo, kopo likishiba linashuka, linaleta jingine. Gurudumu likazunguka taratibu kama mshale wa saa. Siku lilipozunguka mara ya kwanza tuliruka kama watoto, mimi nikiwa nimevaa tai.

Kilichobaki kilikuwa chakula cha mimea, na hapo ndipo nilipotaka kuonekana msomi. Chuoni nilifundishwa kuotesha mimea kwenye maji yenye mbolea ya viwandani. Nikaomba mbolea ya chumvichumvi stoo ya shule, nikaichanganya, nikawaambia hii ndiyo njia ya kisasa. Miche ikaungua kingo za majani, ikanyauka. Nikapunguza mbolea, nikapanda upya. Ikaungua tena. Nikasingizia mbegu.

"Mwalimu," akasema yule msichana, "na hiyo mbolea nayo ikiisha huko angani, si ni kama yale makopo?"

Niliinama kung'oa miche iliyonyauka, naye akaendelea.

"Kwetu hatuweki mbolea. Tunafanya ntumba. Karibu nyumbani, mama atakuonyesha."

Nilikwenda mwezi wa tatu, Jumamosi moja, kwa lori hadi njia panda na kisha kwa miguu, yeye akiongoza. Familia yao ilikuwa imehamishwa mwaka uliotangulia, pamoja na wenzao wa vitongoji vya karibu, kuja kwenye kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mstari, nyingine bado hazina milango. Mashamba yalibaki kulekule walikotoka, mwendo wa saa nzima. Mama yake alitupokea akiwa na jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu, na Kiswahili chake kikaishia karibu hapo. Yaliyobaki alitafsiri binti. Sikuwaambia kwamba naelewa. Niliona haya ya kuelewa nisichoweza kujibu.

Tulipofika shambani, majani yalikuwa yanatufika kiunoni, mvua zikielekea mwisho. Mama akafyeka, akakusanya majani lundo la mviringo, kisha akapasua udongo kwa jembe na kuugeuza juu yake bonge kwa bonge, mpaka majani yakafunikwa na kikawa kilima kidogo kinachonifika magotini. Hiyo ndiyo ntumba. Juu yake akapanda maharage. Akaeleza kwamba majani yataoza humo ndani, na mvua mpya zikija kilima kitavunjwa, kitasambazwa, utapandwa ulezi. Magugu ya ulezi nayo yatarudi kwenye ntumba nyingine. Hakuna kinachotupwa.

Akanishika mkono, akauingiza ndani ya kilima kilichofanywa wiki kadhaa nyuma. Kulikuwa na joto kama chini ya kuku anayelalia.

Nikiwa nimechuchumaa pale, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, nilielewa kwamba nimepata jibu la swali la binti yake, na kwamba jibu hilo lilikuwa kwao muda wote.

Mama alitaja pia, kama mtu anayesema mvua imechelewa, kwamba bwana shamba amekuja kwenye mkutano wa kijiji akawaambia waache ntumba, walime matuta ya mstari na watumie mbolea. Mbolea yenyewe haijafika. Kwa hiyo wao wanaendelea.

Walinichinjia kuku. Nilikuwa nimeona kuku wawili tu pale uani. Nilikula ugali wa ulezi, maharage na kuku yule, nikaongezewa, nikala tena. Nilipoondoka mama alinifungia mbegu za maharage kwenye kitambaa, za rangi mbalimbali, akasema atakuja Saba Saba kuona kama watu wa angani watashiba.

Tulirudi maabara na kuanza upya. Mifuko ya marekani tukaijaza majani yaliyokatwakatwa na udongo kidogo, tukaifunga imara kwenye gurudumu. Tulikuwa na jozi: mfuko mmoja unaoza, mwingine unalisha. Majani yaliyokauka ya mmea yanarudi kwenye mfuko unaooza, kisha inabadilishana zamu. Maharage yakaota pande zote za gurudumu, yakijikunja huku na huku kutafuta mwanga, mabichi kabisa. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia tulihamishia kila kitu kwenye chumba kilichopakana na jiko la shule, na hayakufa. Ofisini nilisema "mfumo wangu." Siku nyingine nilisema "mfumo wetu." Inategemea nani alikuwa ananisikiliza.

Wiki moja kabla ya maonyesho tuliandika maelezo kwenye karatasi kubwa za manila. Msichana aliandika yeye, mimi nikasahihisha. Palipoandikwa ntumba nikakata, nikaandika mboji.

"Kwa nini unafuta, mwalimu?"

"Wageni hawatalielewa neno hilo."

"Wageni wa hapahapa mkoani Rukwa?"

Nikamwambia anakili kama nilivyosahihisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Mwaka uliopita mwalimu mwenzetu alisimama kwenye mkutano akauliza kwa nini watu wahamishwe kabla ya kuvuna. Baada ya muda mfupi akahamishiwa mahali ambapo barua zilichukua miezi kufika. Nami jina langu lilikuwa limependekezwa kwenda kusoma zaidi chuo cha kilimo. Nilikuwa nasubiri barua hiyo kama wengine wanavyosubiri mvua.

Siku ya Saba Saba uwanja ulijaa. Meza yetu ilikuwa kati ya wafinyanzi na kikundi cha ushirika kilicholeta mahindi. Gurudumu lilikuwa linazunguka, watoto wamelizunguka, na watu wazima wanaulizana kama kweli haya maharage yanakwenda mwezini. Nikamwona mama wa msichana upande wa pili wa kamba, amejifunga kitenge kipya, ametoka kwao alfajiri. Akanipungia mkono. Nikampungia.

Wakaja wakaguzi watatu, mbele yao ofisa mmoja wa kilimo, mtu mrefu mwenye kalamu nyingi mfukoni. Msichana akaeleza vizuri, bila kutetemeka. Ofisa akawa anaitikia kwa kichwa, mpaka macho yake yakatua kwenye karatasi. Chini ya neno langu mboji, kwa zile herufi ndogo, msichana alikuwa ameongeza: Kwa Kifipa, ntumba.

"Ntumba?" akasema kwa sauti. "Ndugu zangu, mkoa mzima tunawaelimisha wananchi waachane na ntumba. Leo shule ya serikali inaileta ntumba kwenye maonyesho, tena inataka kuirusha angani?"

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa sababu yeye alitaka wacheke.

Akanigeukia. "Ndugu mwalimu, ni wewe uliyewaelekeza hivi?"

Nakumbuka kila kitu cha dakika ile. Debe lilikuwa linadondosha. Mkuu wa shule alikuwa nyuma ya ofisa, ananitazama bila kupepesa. Nilijua kwamba jibu ni ndiyo, neno moja, na kwamba pengine lisingeniletea lolote zaidi ya kukaripiwa.

"Hapana mzee," nikasema. "Mimi niliwaelekeza mbolea. Huyu ameongeza mambo ya kwao."

Nilidhani msichana atalia, au atasema ukweli, na sehemu yangu moja ilitaka aseme. Aliunganisha mikono nyuma.

"Ndiyo mzee," akasema. "Ni mimi. Mwalimu alinikataza."

Ofisa akamwambia ana akili lakini aitumie kwenda mbele, si kurudi nyuma, akaendelea kwenye meza ya mahindi. Nilipotazama upande wa kamba, mama alikuwa bado pale. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini "mambo ya kwao" si maneno magumu. Baadaye alikuja kunisalimia vilevile, akaniuliza habari za nyumbani Mbeya. Nikamjibu nikitazama kitenge chake.

Laiti ingeishia hapo. Kesho yake mkuu wa shule aliniita akataka maelezo kwa maandishi, mafupi tu, ya kuweka kwenye jalada la msichana. Alinipa karatasi na kuondoka ofisini, nikabaki peke yangu. Hakuna aliyenitisha. Niliandika kwamba mwanafunzi alikiuka maelekezo ya mwalimu na kuingiza mambo yasiyoidhinishwa. Niliyasoma, nikaona neno moja lina makosa ya tahajia, nikalisahihisha, nikatia saini.

Gurudumu tulilirudisha kwa mlinzi. Msichana aliendelea kuja darasani, anafanya mazoezi yote na kupata alama nzuri, ila hakuninyooshea mkono tena mpaka alipomaliza kidato cha nne. Alifaulu. Orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano ilipokuja, wenzake wawili aliowazidi walikuwemo, yeye hakuwemo. Sijui kama ni ile karatasi. Ningeweza kuuliza, jalada lilikuwa kwenye kabati nililolipita kila siku. Sikuuliza, na mwezi huohuo nikapata barua yangu ya kwenda chuo.

Miaka tisa baadaye nilikuwa ofisa kilimo mkoa mwingine, nasafiri kwa basi kurudi Mbeya kutoka Sumbawanga. Tulisimama Laela. Wanawake walikuwa wanauza mahindi ya kuchoma madirishani, na mimi nilikuwa nimenunua moja, naling'ata.

"Shikamoo mwalimu."

Alikuwa amesimama chini ya dirisha, ameshika bunda la madaftari. Mwili ulikuwa umejaa kidogo, lakini macho ni yaleyale ya kusubiri jibu. Nilisema marahaba mdomo ukiwa na punje. Dereva akapiga honi. Sijui nilifikiri nini. Nilichukua begi langu nikashuka, basi likaondoka.

Tulikaa kwenye benchi la mama ntilie. Alinieleza kwamba alikwenda chuo cha ualimu, sasa anafundisha shule ya msingi ya kijijini kwao, ana watoto wawili. Alizungumza bila uchungu. Nikaanza kusema niliyoyabeba. Nilimwambia kuhusu karatasi ya jalada, ambayo hakuijua. Nilimwambia kwamba huko kazini sasa tumeletewa wataalamu wanaosifu ntumba, na nikikaa nao kwenye semina nashindwa kuinua uso.

Alisikiliza mpaka mwisho, akigeuza kikombe cha chai.

"Kuogopa kila mtu aliogopa, mwalimu," akasema. "Hata mimi niliogopa, ndiyo maana nilisema ulinikataza. Na hiyo karatasi, sawa, umeniambia, nitajua cha kufanya nayo. Kilichoniuma ni 'mambo ya kwao.' Ulikuwa umekula kwetu."

Nikamuuliza kama mama yake yupo.

"Yupo. Macho ndiyo yamepungua."

"Nataka nimwombe msamaha."

Akanitazama sana. "Twende."

Kijiji kilikuwa na miti sasa, na nyumba nyingine zilikuwa zimebomoka kwa sababu watu walianza kurudi kwenye mashamba yao ya zamani. Mama alikuwa amekaa juani akipepeta ulezi. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwamkia, nikasema kwa Kiswahili, pole pole, ili binti atafsiri: kwamba siku ya Saba Saba nilimkana mwanaye mbele ya watu, kwamba elimu ile ilikuwa yake yeye mama, na mimi nikaitia aibu, kwamba niliandika maelezo mabaya juu ya mwanaye, na naomba anisamehe.

Binti akamgeukia mama yake, akasema kwa Kifipa. Nilielewa kila neno. Alisema: mwalimu anapita, amekumbuka jinsi ulivyomkarimu, anakushukuru, na anasema wakubwa wa kilimo siku hizi wanaisifu ntumba yako.

Mama akafurahi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniombea njia njema.

Ningeweza kumzuia binti. Ningeweza kutafuta maneno machache ya Kifipa, hata mabovu, nikasema mwenyewe. Nilibaki nimechuchumaa, mkono wangu mikononi mwa yule mama, nikiitikia kwa kichwa.

Wakati ananisindikiza barabarani nilimwambia kwamba Kifipa nakielewa.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu siku ile shambani. Mama alipokuwa anachekesha, ulikuwa unacheka kabla sijatafsiri."

"Basi kwa nini?"

"Mama anakusema vizuri miaka yote hii, mwalimu. Amewasimulia wajukuu habari za gurudumu. Wewe unataka kutua mzigo, sawa, umeutua kwangu. Yeye mwache."

Tulisimama njia panda kusubiri lori. Halikuja haraka. Aliniuliza habari za watoto wangu, nikamwambia. Nikamuuliza darasa lake lina wanafunzi wangapi, akaniambia ni wengi mno na madawati hayatoshi. Lori la magunia lilipotokea alilipungia yeye, likasimama, nikapanda nyuma juu ya mahindi. Nilimtazama akirudi kijijini na madaftari yake mpaka vumbi likamfunika.